Daktari Anapumzika, Hajapumzika

Siku mliponiaga, katibu wa hospitali alisimama akasema kwa sauti ya kanisani kwamba baada ya miaka yote ile, Mama Usingizi sasa amepumzika. Kabla hajamaliza sentensi, Bi Somoe, mhudumu wetu wa usafi, aliruka kutoka nyuma ya masufuria: "Anapumzika! Sema anapumzika, baba!" Wakongwe wa kazi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nyinyi mlioajiriwa juzi mlitazamana, mkacheka kwa adabu kwa sababu wakubwa wanacheka. Mimi nilisema maneno mawili tu, maana pilau lilikuwa linapoa. Mengine ndiyo haya, ili mjue tulicheka nini.

Madaraja niliyopanda yamo kwenye faili langu, na faili hilo liacheni na vumbi lake. Nitaandika habari za pumzi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya: kumlaza mtu ili apasuliwe, kuzilinda pumzi zake akiwa huko, kisha kumrudisha. Watu wa huku wanaita nusu kaputi. Watoto wa jirani zangu walinipa "Shikamoo Mama Usingizi" huku wanakimbia, wakiogopa nisije nikawalaza njiani.

Nimezaliwa ukingoni mwa uwanda, upande wa Newala, enzi ambazo maji yalikuwa bondeni na sisi tulikuwa juu. Tulishuka na ndoo tupu tukipiga soga, tukapanda na ndoo zilizojaa tukiwa kimya. Nilipokuwa na miaka saba hivi nilipanda kwa pupa, nikitweta, maji yakanimwagikia usoni na mgongoni, nikafika nyumbani na nusu ndoo. Mama hakunigombeza. Kesho yake alichuma jani la mkorosho, akaliweka juu ya maji yasichezecheze, akaniambia, "Hatua mbili vuta, hatua nne toa. Toa kama unapoza uji. Ukilowa, ujue umepumua vibaya." Sikuona kama ni elimu. Nilichojua ni kwamba nisipomsikiliza nitalowa.

Kazi nilianzia Masasi, chini ya Mzee Nambunga, mtaalamu wa usingizi aliyekuwa ameshalaza watu wa kila kijiji kuanzia Lisekese hadi Nanganga. Alikuwa mfupi, mpole, na saa yake ya mkononi aliivaa ikitazama upande wa kiganja. Siku ya kwanza hakunionyesha dawa yoyote. Alinipa kigoda kichwani pa mgonjwa, operesheni ya ngiri, akauchukua mkono wangu akauweka kifuani pa yule mgonjwa. "Hesabu pumzi," akasema. "Dakika moja." Nikahesabu kwa bidii zote.

"Ngapi?"

"Arobaini, mzee."

Akaweka mkono wake, akatazama saa, akangoja dakika nzima bila haraka. "Za mgonjwa ni kumi na sita," akasema. "Hizo ni zako."

Daktari aliyekuwa akipasua alicheka mpaka akasimamisha kushona. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini tulipotoka, Mzee Nambunga alinieleza neno nililolibeba hadi siku ya mwisho: kwamba pale kichwani mtu wa usingizi ana wagonjwa wawili, aliyelala na yeye mwenyewe, na huyo wa pili hana kitanda wala faili, kwa hiyo husahaulika. Alinifundisha kutazama midomo, kucha na rangi ya damu, na mkono usiondoke kifuani hata daktari akipiga kelele. Wao madaktari hupiga kelele. Mtazoea.

Mashine ya kidole ilikuja baadaye sana. Mnaijua, kile kidude kidogo kama kibanio cha nguo, unakibana kidoleni kinakuonyesha oksijeni na mapigo ya moyo. Niwaachie mawili juu yake. Mama akija na hina vidoleni, msiiamini, itawadanganya. Ibandueni kwenye kidole, muijaribu kwenye sikio. Na asubuhi za Newala za mwezi wa sita, ukungu ukiwa umeshuka, msugueni mgonjwa mikono kwanza, kwani kidole cha baridi hakisomeki, na nimeshuhudia muuguzi akikimbilia mtungi wa oksijeni kwa ajili ya bibi aliyekuwa anasikia baridi tu.

Nilihamia hospitali yetu hii ndogo huku juu nikiwa mtu mzima. Jina lake silitaji, mnalijua. Hapa ndipo nilipoanza kuwatazama madaktari wenyewe, kwa sababu tulikuwa wachache na hakuna pa kujificha. Kulikuwa na mmoja aliyerusha mikasi. Mwingine alinyamaza siku tatu akiandika tu. Na wengi waliingia chooni kulia, wakafungua bomba ili maji yafunike sauti. Wageni hao! Bomba la Newala likifunguliwa linakohoa tu, maji hakuna, kwa hiyo tuliwasikia sote kuanzia korido mpaka maabara. Wakitoka tulijifanya tunatafuta faili.

Daktari Elia alikuja kwetu kutoka Singida akiwa kijana mwembamba mwenye salamu nzuri. Ameniruhusu kuandika habari zake, ila ameomba nisimfanye shujaa, nami nitajitahidi. Ndiye peke yake hapa aliyeweza kufanya upasuaji. Asipokuwepo, mama mwenye uchungu anapakiwa kwenye gari la wagonjwa kupelekwa Masasi, na barabara ya kushuka kutoka huku juu mnaifahamu. Wengine walijifungulia humo garini. Wengine hawakufika.

Mwaka wake wa pili tulimpoteza mama mmoja. Alivuja damu baada ya operesheni, damu yote tuliyokuwa nayo tukamwekea, ikaisha kabla damu yake haijakatika. Mtoto akabaki, wa kike. Mimi nilikuwa kichwani pake na mkono wangu kifuani. Niliumia na bado ninaumia, sina namna nyingine ya kusema. Daktari Elia alitoka kumwambia mumewe, mtu wanayemwita Baba Zainabu kwa jina la binti yake mkubwa. Yule bwana alivaa kofia yake akaondoka.

Baada ya hapo nikaanza kuona ncha ya mkasi inacheza. Wiki moja inacheza kidogo, wiki ya pili hata muuguzi anayempa vifaa anaona. Kisha akaacha kabisa kuingia chumba cha upasuaji. Kila mama sasa ni Masasi, hata wale tuliowaweza. Mpaka asubuhi moja akanifuata kwenye chumba cha mashuka nilikokuwa nahesabu gauni za upasuaji.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, Daktari. Mbona uso hivyo?"

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nimeandika barua. Naomba wanitoe kwenye upasuaji, wanipeleke hata ofisini. Mikono hii si ya kisu tena, Mama. Mwisho wa mwezi naipeleka."

Sikumbembeleza. Nilifikiria tu kwamba barua ile ikienda, mwingine wa kupasua hatutampata leo wala kesho, na wanawake wa vijiji hivi vyote watakuwa wanazalia barabarani. Nilifikiria pia kwamba huyu ni mtoto wa mtu. Nikarudia kuhesabu gauni, nikakosea hesabu.

Mwezi huo huo tukaitwa Masasi, yeye na mimi, kwenye mafunzo ya siku mbili ya kupunguza msongo kwa madaktari. Mtaalamu alitoka Dar es Salaam na kompyuta na kibanio cha kubana sikioni. Kikishabanwa, mapigo ya moyo wako yanajichora ukutani, ukumbi mzima unaona. Akaeleza vizuri, nisimnyime haki yake: ukivuta pumzi moyo unakwenda mbio kidogo, ukitoa unapungua; kwa hiyo ukitoa taratibu na kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, unaushika moyo mkono. Na ukiuona kwa macho unajifunza haraka. Akaomba mtu wa kujaribu. Wenzake wakamsukuma Daktari Elia mbele. Mstari wake ulitoka umechongoka kama meno ya msumeno, na mtaalamu alipomwambia akumbuke siku mbaya kazini, meno yakazidi, watu wakainamisha macho kwa kumwonea aibu. Kisha umeme ukakatika, sote tukashukuru. Kompyuta ilirudi Dar. Sisi tulibaki na makaratasi ya Kiingereza, ambayo baadaye yalifungia vitumbua vizuri sana.

Tukiwa njiani kurudi, dereva alisimama Lulindi kuwasalimu wakwe zake, kama kawaida yake. Tukabaki wawili ndani ya gari.

"Ile mashine ingenisaidia," Daktari alisema. "Lakini sisi tutaipata wapi?"

"Ya nini? Kwani kidole chako hakina moyo?" nikamwambia. "Tunayo ya kwetu. Kesho saa moja asubuhi, chumba cha mashuka, kabla hujapita wodini."

Alikuja. Nikambana kidude kidoleni: mia moja na kumi na sita, naye ameketi tu juu ya furushi la mashuka. Nikamwambia avute akihesabu nne, atoe akihesabu sita, atazame namba. Akaikodolea macho kama anatazama penalti. Ikapanda. Akaongeza bidii, ikapanda tena. "Haitaki!" akasema, na amekunja uso. Nikamsimulia Mzee Nambunga na zile pumzi arobaini, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule nikamwona anacheka. Nikachungulia kidole. Mia moja na tatu.

Ndipo nilipomkumbuka Mama na jani lake. Kesho yake nilileta bakuli la maji yaliyojaa hadi ukingoni, nikaweka jani la mkorosho juu, nikampa alishike kwa mikono miwili, kidude kikiwa kidoleni. Namba ilimwonyesha moyo, maji yakamwonyesha mikono. Akipigana nayo yanamwagika mapajani. Akitoa pumzi kama mtu anayepoza uji, jani linatulia. Bi Somoe alipoingia akakuta daktari mzima ameshika bakuli, suruali imelowa, alipandisha sauti: "Aka! Maji tunayabeba kwa ndoo tangu kule, nyie mnayachezea!" Nikamweleza kwamba daktari anapumzika, asiruhusu mtu aingie. Neno hilo nililichagua mwenyewe, na nilidhani ni neno jema.

Siku kumi na kitu tulifanya hivyo. Jani likawa halichezi. Lakini hakuingia chumba cha upasuaji, na barua ilikuwa bado mfukoni. Nikiona pembe yake inachungulia moyo unaniruka. Kutulia juu ya mashuka ni jambo moja. Pale mezani kuna mtu.

Siku ya mwisho wa mwezi ikafika. Asubuhi hiyo kulikuwa na binti wodini, uzazi wa kwanza, uchungu tangu jana na mtoto hashuki. Daktari alikuwa ameagiza gari limpeleke Masasi, na gari lilikuwa limepasuka tairi bondeni. Akaingia chumba cha mashuka ameshika barua mkononi. "Nivute pumzi kidogo," akasema, "kisha nimpelekee katibu." Nikambana kidude.

Yaliyotokea nje tuliyajua baadaye. Mjomba wa yule binti alikuja kumwulizia daktari. Bi Somoe, akiwa na fagio mlangoni, akamjibu kwa heshima zote: "Daktari amepumzika. Yumo humo na Mama Usingizi, kawekewa mashine."

"Amepumzika? Lini?"

"Sasa hivi."

Silabi moja tu, wanangu. Angesema anapumzika, yule mzee angekaa kwenye benchi akangoja. Lakini "amepumzika" huku kwetu, na hospitalini tena, na Mama Usingizi yuko ndani na mashine? Yule mzee alitoka hata fagio hakuliaga. Soko liko ng'ambo ya barabara, na bodaboda zina simu.

Sisi tulisikia kilio. Kwanza sauti moja, kisha nyingi, zikija. Daktari akaruka: "Yule binti!" Akadhani mgonjwa amemfia tena. Akatoka mbio na kidude kidoleni, mimi nyuma yake.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake kanga kichwani, wauza mihogo, wenye bodaboda, mwalimu wa madrasa na katekista wamesimama pamoja wakishauriana kwa sauti ya chini kama maiti itapelekwa Singida au itazikwa hapa. Mama mmoja alimwona daktari mlangoni, akapiga ukelele akakimbilia getini. Mwingine akakaa chini hapo hapo.

"Mimi nilisema amepumzika!" Bi Somoe akalia. "Nani kasema amekufa?"

Hakuna aliyecheka, bado. Maana mbele kabisa ya watu alikuwa amesimama Baba Zainabu, na jembe begani. Nilimwona Daktari Elia anavyobadilika rangi. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akimkwepa sokoni kwa miezi miwili.

"Nimeambiwa umepumzika," Baba Zainabu alisema. "Nikachukua jembe."



"Wewe ulikuja kunizikia nke wangu," aliendelea kwa lafudhi ya huku kwetu. "Ulisimama nyuma ya watu, ukatupia udongo wako, ukaondoka hata chai hukunywa. Nilikuona. Sasa leo ningekaaje nyumbani?"

Sikuwa najua kama Daktari alikwenda mazikoni. Hakuna aliyejua, alichukua bodaboda peke yake akamaliza, akarudi kazini, akaingia chooni kufungua lile bomba.

"Nilidhani unanilaumu," Daktari akasema.

"Nililaumu. Nililaumu kila ntu, hata Mungu, anisamehe." Akateremsha jembe chini. "Ntoto anacheka sasa. Ungekuja kumwona."

Machozi yalikuwa yanamtoka Daktari mbele za watu wote, na safari hii hakutafuta bomba. Nikatazama kidole chake. Mia moja na thelathini na moja. Naye akakitazama. Nikadhani atakibandua. Akatoa pumzi, ndefu, kama anapoza uji, na wale waombolezaji wote wakiwa wanatazama bila kujua wanatazama nini. Mia na ishirini na nne. Akavuta, akatoa. Mia na tisa. Akatoa tena. Tisini na nane. Kisha akanigeukia.

"Mama, tukamwandae yule binti."

Nikambana yule binti kidude kile kile, kikiwa bado na joto la kidole cha daktari. Nikamchoma sindano ya mgongo, nikaweka mkono kifuani, nikahesabu za kwake na za kwangu. Daktari alisimama na kisu, akatoa pumzi moja niliyoisikia, akaanza. Mkasi haukucheza. Mtoto alitoka wa kiume, mnene, mwenye hasira. Na nje, kwa kuwa watu walishafika na hakuna wa kumzika, kijana wa maabara akawaomba damu. Walijipanga. Baba Zainabu alikuwa wa kwanza, jembe ameliegemeza ukutani.

Jioni Daktari alinipa ile barua. Mlango wa chumba cha mashuka haujawahi kukaa sawa tangu ujengwe, kwa hiyo nikaikunja mara ya tano nikauchomekea. Ipo hadi leo. Msiitoe, mlango utagonga.

Sasa msije mkasema Mama Usingizi alitufundisha kwamba pumzi ni dawa ya kila kitu. Kuvuta pumzi hakuleti damu benki wala daktari wa pili. Huyo tulimwomba, tukamwomba tena, mpaka wakachoka na barua zetu wakamleta. Naye wiki ya kwanza tulimpeleka chumba cha mashuka. Kazi ya pumzi ni kumfanya mtu aweze kusimama pale mezani na bado awe yeye. Mfanyieni daktari hivyo kila asubuhi, siyo siku ya msiba tu, na msimsimamie kama askari. Bakuli lipo rafu ya chini. Majani ya mkorosho mnayo bure. Na Bi Somoe, mtu akimwulizia daktari, siku hizi anajibu: "Anapumzika, yu hai, subiri hapo."

Operesheni yangu ya mwisho, wiki ile kabla ya pilau, ilikuwa ya ngiri, kama ile ya kwanza. Daktari Elia alikuwa anashona, kimya, bila haraka. Mashine ilikuwepo, lakini kwa mazoea niliweka mkono kifuani pa mgonjwa, nikageuza saa yangu kwenye kiganja, nikahesabu. Thelathini na nane. Nikarudia. Thelathini na nane.

"Daktari, simama kidogo," nikasema. "Pumzi ziko juu."

Akasimamisha sindano. Akatazama mashine, akatazama kifua cha mgonjwa kinavyopanda na kushuka, kisha akanitazama mimi juu ya barakoa. Mikono yake ilikuwa imetulia pale pale ilipokuwa, uzi hautikisiki.

"Mama," akasema taratibu, "hizo ni zako."